Misimu Kumi na Moja kwa Jina la Mdogo Wangu

Nilicheza mpira wa kulipwa misimu kumi na moja, katika timu sita, na hakuna hata shabiki mmoja aliyewahi kuniita kwa jina langu. Hawakulijua. Jina lililokuwa kwenye jezi, kwenye leseni ya uchezaji na kwenye mdomo wa mtangazaji lilikuwa la mdogo wangu, ambaye muda wote huo alikuwa Kibondo akiranda mbao. Sitaliandika hapa. Nimelitumia vya kutosha.

Watu wa mikoa mingine wakitujazia fomu hudhani ndugu wote tuna jina moja la ukoo. Sisi Waha kila mtoto hupewa lake, na jina hilo husema kilichokuwa kikiendelea nyumbani alipozaliwa. Yuko anayeitwa kwa njaa ya mwaka ule, yuko anayeitwa kwa ugomvi wa baba yake na jirani. Langu lilitolewa kwa furaha, maana nilikuwa wa kwanza na maharage yalikuwa yamekubali. Baada yangu mama alizaa wawili, na wote wakafa kabla hawajajua kutambaa. Aliyefuata baada ya hao ndiye mdogo wangu, na jina lake ni maneno ambayo mama alimwambia Mungu siku ile, akiwa bado haamini kwamba huyu naye atabaki.

Mimi nilizaliwa nyumbani, Gwarama, mikononi mwa bibi. Mdogo wangu alizaliwa hospitali kwa sababu mama hakutaka kubahatisha tena. Ndiyo maana yeye alikuwa na cheti cha kuzaliwa na mimi sikuwa nacho. Tulipohamia Kibondo, kile cheti kilihama na sisi ndani ya sanduku la mama, kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kadi ya kliniki. Baba alipofariki, mama alihamishia humo picha yake pia.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili kocha mmoja aliponiona Kasulu, kwenye mashindano ya kata. Alikuwa ametumwa na timu ya mkoa mwingine kutafuta vijana. Nilikuwa kiungo mkabaji, na siku ile nilikaba mpaka watu wa upande wa pili wakaanza kunitukana, jambo ambalo kwa kiungo mkabaji ni sifa. Mechi ilipokwisha aliniita pembeni akaniuliza umri wangu, nikamtajia.

Alicheka bila ubaya. "Hiyo ni ya nyumbani," alisema. "Nakuuliza ya mpira."

Sikumwelewa. Akanieleza kwa upole kama daktari: kiungo wa miaka ishirini na miwili ambaye hajulikani popote hawezi kumpeleka kwa mtu yeyote, lakini wa kumi na saba anampeleka kesho asubuhi. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza maji ya kunywa yako wapi, "Una mdogo wako wa kiume?"

Ningeweza kusema kwamba nilidanganywa. Nimewahi kusema hivyo, kwa watu wawili watatu, na wakanihurumia. Ukweli ni kwamba kabla hajamaliza swali nilikuwa nimeshahesabu tofauti yetu: miaka mitano kamili, kwa sababu ya wale wawili waliokufa katikati.

Nilirudi Kibondo nikamkuta nyuma ya nyumba akipiga randa. Alikuwa anajifunza useremala kwa jirani yetu, na hata wakati huo mkono wake ulikuwa mzuri. Nilimweleza mambo yote. Nilimwahidi kwamba ni msimu mmoja tu, mpaka wanizoee, halafu nitajua namna ya kurekebisha.

"Chukua tu, kaka," alisema. "Mbao haziniulizi cheti."

Mama alikuwa sokoni. Mdogo wangu mwenyewe ndiye aliyeingia ndani, akafungua sanduku, akatoa ule mfuko. Alitenga picha ya baba na kadi ya kliniki akazirudisha vizuri, akanipa karatasi. Kwamba mama asiambiwe, hilo lilikuwa wazo langu.

Wiki ya kwanza kambini niliitwa mara nyingi bila kugeuka. Kocha msaidizi aliona nina dharau. Ilibidi nijifunze jina kama unavyojifunza kukaba: masikio yako wazi, mwili uko tayari. Nilinyoa ndevu kila asubuhi kabla wenzangu hawajaamka. Wavulana wa miaka kumi na minane walinituma kuwaletea maji, nikaenda mbio na kusema ndiyo kaka. Mimi ambaye nyumbani ndiye niliyekuwa nakaa kwenye kiti cha baba.

Kuhusu mpira wenyewe sina mengi ya kujivunia, na nisingependa mtu adhani niliiba jina la ndugu yangu nikalifanyia makubwa. Nilikuwa mchezaji wa kuziba pengo. Kiungo wa kwanza akiumia, mimi ndiye niliyeitwa. Akipona, nilirudi kusugua benchi. Niliingizwa dakika za lala salama kulinda bao moja, nikapiga watu viatu, nikapewa kadi ya njano, tukaenda kuoga. Misimu miwili nilikuwa ligi kuu, na katika hiyo miwili nilianza mechi chache kuliko vidole vya mikono yangu. Iliyobaki ilikuwa madaraja ya chini: safari za basi za siku nzima, magodoro chini katika nyumba za kupanga, viwanja ambavyo ng'ombe walitangulia kufanyia mazoezi. Niliipenda kazi ile kwa moyo wote, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi nikilifikiria. Ningekuwa siipendi, ningeiacha.

Msimu wa kwanza ulikwisha. Sikurekebisha kitu. Msimu wa tatu, zoezi la vitambulisho vya taifa lilifika katika mji tuliokuwa tukichezea, na timu ikatupeleka wote pamoja kwa basi. Nilisimama kwenye foleni zaidi ya saa mbili. Ningeweza kusema naumwa, au nasubiri kujiandikisha nyumbani. Wenzangu wawili walisema hivyo wakaachwa. Mimi nilipofikiwa nilitoa cheti cha mdogo wangu, nikataja tarehe yake ya kuzaliwa, nikaweka vidole vyangu kumi kwenye mashine, kimoja kimoja kama nilivyoelekezwa. Cheti nilipewa. Kitambulisho nilikichukua mwenyewe, na siwezi kumsingizia kocha yeyote.

Halafu kuna ile siku ya redio. Nilikuwa nimefunga bao, moja kati ya manne ya maisha yangu yote, la kichwa baada ya kona. Mtangazaji akaniwekea kinasa sauti mdomoni na kuniuliza maana ya jina langu, kwa kuwa lilikuwa geni kwake. Ningeweza kusema ni jina la kwetu tu. Lakini nilikuwa na furaha na nilitaka kupendwa. Nikamwambia kwamba mama yangu alizika watoto wawili, na kwamba mimi ndiye niliyekuja baada yao. Mtangazaji akasema hadithi hiyo imemgusa. Mimi mwenyewe nilisikia machozi yakinilenga, na nilipokuwa naelekea kwenye basi nilikuwa nusu naamini.

Mwaka uliofuata zoezi la vitambulisho lilipamba moto Kibondo. Huku mpakani mtu hajiandikishi kirahisi. Makambi ya wakimbizi yako jirani, lugha ya ng'ambo na yetu zinasikilizana, na sisi tuna bibi mzaa mama aliyevuka kutoka Burundi akiwa msichana. Mdogo wangu alihojiwa alikozaliwa, alikozaliwa babu, kaburi la baba liko wapi. Alijibu yote. Wazee wa mtaa walimthibitisha. Akasubiri miezi. Alipoitwa, aliambiwa kwamba mtu mwenye majina yale, wazazi wale na tarehe ile ameshapata kitambulisho, na vidole vyake si hivi. Kwa hiyo wewe ni nani?

Alikuwa na jibu. Angesema neno moja, kaka, na mimi ningeitwa siku hiyo hiyo. Aliwaambia hajui. Wakamwandika kama mtu ambaye uraia wake una mashaka, wakamwambia asitoke nje ya wilaya mpaka jambo lieleweke. Sikuambiwa na yeye. Niliambiwa na jirani, yule fundi aliyemfundisha useremala, kwa simu, na nilichomjibu ni kwamba nitalishughulikia ligi ikiisha.

Ligi huwa haiishi. Ikiisha hii kuna usajili, usajili ukiisha kuna kambi, kambi ikiisha kuna ligi nyingine. Mtu asiyetaka kwenda nyumbani hawezi kupata kazi nzuri kuliko mpira.

Naye akaishi hivyo. Laini ya simu aliyotumia iliandikishwa kwa jina la mama. Akipata kazi ya milango na madirisha, ilikuwa ya Kibondo hapo hapo, au Kasanda na Gwarama kwa njia za baiskeli, mahali ambapo watu wanamjua tangu utotoni na hakuna atakayemuuliza karatasi. Fundi mmoja wa Kasulu mwenye karakana kubwa alisikia habari za mkono wake akamwita. Mdogo wangu alifunga vifaa vyake akapanda basi. Njiani abiria waliteremshwa kukaguliwa, kama inavyokuwa kawaida ya barabara ile, naye hakuwa na cha kuonyesha. Askari walifanya kazi yao. Walimbakiza yeye na mfuko wa vifaa vyake, basi likaondoka.

Mama alinipigia saa nane mchana. Tulikuwa chumba cha kubadilishia nguo, tunafunga viatu. Mama hakujua kupiga simu bila salamu ndefu, lakini siku ile hakusalimia. Aliniambia mtoto amekamatwa, wanasema si Mtanzania, wewe una watu wakubwa huko, sema neno.

"Mwambie avumilie, mama," nilisema. "Tuna mechi."

Ndivyo nilivyosema. Nimejaribu mara nyingi kuikumbuka sentensi hiyo ikiwa ndefu zaidi, ikiwa na maelezo ndani yake. Haikuwa nayo.

Niliingia dakika ya themanini na mbili. Kipaza sauti cha uwanja kilisoma jina lake, na watu wakapiga makofi ya wastani, yale ya kumpokea mchezaji ambaye hawamtegemei. Saa ile ile yeye alikuwa ameketi kwenye benchi la kituo cha polisi, akiulizwa kwa mara ya tatu anaitwa nani. Akitaja, wanaandika kwamba amedanganya. Alikaa siku mbili mpaka mwenyekiti wa mtaa alipofika kumdhamini. Aliporudi nyumbani, hakujaribu tena kwenda Kasulu. Ile nafasi ya karakana ilichukuliwa na mtu mwingine.

Timu yangu ya sita iliniacha mwaka juzi. Kwa umri wa mpira nilikuwa na miaka ishirini na minane, na kila mtu alishangaa jinsi magoti yangu yalivyozeeka mapema. Mwaka jana nikapata bahati ambayo sikuistahili: kituo kimoja cha kulea vipaji Kasulu kilinitaka niwe kocha wa vijana. Walipenda kwamba mimi ni mtoto wa huku huku, niliyetoka na kurudi. Walihitaji nakala za vyeti vyangu vya ukocha na kitambulisho. Vyote nilikuwa navyo. Vyote vilikuwa vyake.

Nilikwenda Kibondo kumweleza mama habari njema. Nilimkuta uani, ungo mapajani, akichambua maharage. Nikainama nikamsalimia kwa Kiha, "Mwakeye," nikapiga makofi taratibu kama inavyopasa. Aliitikia bila kuinua uso. Nikamweleza kazi ya Kasulu. Aliendelea kuchambua, akitupa mawe kwa kuku, mpaka nikamaliza.

"Nilikusikia redioni," alisema. "Mwaka ule uliofunga bao."

Nilivuta kigoda nikaketi.

"Ulisema ulizaliwa baada ya wale wawili. Weye siku ya kumzika yule wa pili ulikuwa umeshika nguo yangu. Ulilia unataka kwenda nyumbani, nikakubeba. Nilitoka kaburini nimekubeba weye." Akapepeta ungo mara moja. "Nikajiuliza, sasa yule niliyembeba ni nani."

Nilisikia aibu ikinishika mwili mzima, mpaka kwenye vidole. Alikuwa ameyajua yote tangu siku ile ya redio, miaka saba. Alikuwa akinipikia samaki wa migebuka kwa mawese kila nilipokuja, na akiwa jikoni aliimba. Nikafanya kile ninachokijua: nilitafuta njia ya kulinda bao langu moja.

Nilimfuata mdogo wangu kwenye kibanda chake cha useremala. Alikuwa na mke sasa, na mtoto wa kike wa miezi minne ambaye hakuwa ameandikishwa, kwa kuwa baba yake hakuwa na namba ya kitambulisho ya kuandika kwenye fomu. Mtoto alikuwa amelala kwenye kanga, ndani ya kitanda kidogo alichomtengenezea, kazi safi isiyoonyesha msumari hata mmoja. Nikasimama pale nikamwambia jambo ambalo nilikuwa nimelipanga njia nzima. Nilimwambia jina langu lipo tu, halina mtu. Kwamba mimi sikuwahi kuandikishwa popote. Alichukue yeye, aanze upya, wazee watathibitisha, mtoto ataandikwa, na mimi niendelee Kasulu. Tubadilishane moja kwa moja na mambo yaishe.

Aliweka patasi chini. Katika miaka yote sikuwahi kumwona akinikasirikia, na hata siku ile sauti yake haikupanda.

"Lako siwezi, kaka," alisema. "Lako mama alilitoa anacheka. Nikiitwa hilo, nani atakuwa yule aliyebaki?"

Kisha akaongeza, akimtazama mtoto, "Mimi cheti nilikupa. Jina sikukupa. Nilidhani unajua."

Nimetukanwa na viwanja vizima. Nimewahi kurushiwa chupa za mikojo. Hakuna kilichonishusha kama maneno hayo yaliyosemwa kwa upole, na mtu ambaye bado ananiita kaka.

Kazi ya Kasulu niliikataa kwa simu, bila kueleza sababu. Nisijifanye jasiri: nilisubiri wiki tatu kabla ya kupiga. Halafu tukapanga siku, sisi watatu, tukaenda ofisi ya vitambulisho ya wilaya. Mama alivaa kitenge cha kanisani. Mdogo wangu alivaa shati jeupe, na mimi nilibeba bahasha yenye cheti, kitambulisho, leseni za uchezaji na karatasi ya kiapo tuliyoandikiwa kwa wakili. Njiani hakuna aliyezungumza nami isipokuwa kunionyesha dimbwi nisilikanyage.

Ofisa alikuwa dada kijana, mwenye adabu. Alisoma kiapo chote, akakisoma tena. Akanieleza kwamba jambo hili litakwenda juu, kwamba kitambulisho kinafutwa leo, na kwamba huenda nikaitwa kujibu mashtaka. Nikasema naelewa. Akamgeukia mama, akamwamkia, akamwomba aonyeshe ni yupi mwenye cheti hiki.

Mama alimwekea mdogo wangu mkono begani, akataja jina lake lote, la ubatizo na lile alilompa hospitali. Hakuwa amelitamka mbele yangu tangu siku ile ya redio.

"Na huyu?" dada aliuliza.

"Huyu ni mkubwa wake," mama alisema. "Jina lake atalitaja mwenyewe."

Nililitaja. Sauti ilitoka ndogo, na dada akaniomba nirudie. Akaandika. Kisha akaniuliza nina karatasi gani yenye jina hilo: cheti, kadi ya kliniki, chochote cha shule. Nikamwambia sina hata moja. Cheti cha darasa la saba kililowa mvua Gwarama na sikuwahi kukifuatilia. Nikaona kalamu yake ikisimama. Nilijua anachofikiri, kwa kuwa ni kile kile walichofikiri juu ya mdogo wangu kwa miaka: mtu mzima wa huku mpakani, asiye na karatasi, anayetaja jina ambalo halimo popote.

"Yupo mtu zaidi ya mama anayekufahamu?" aliuliza. "Anayeweza kuthibitisha kwamba wewe ndiye?"

Misimu kumi na moja, timu sita, na hakukuwa na mchezaji mwenzangu hata mmoja ambaye ningempigia simu akamwambia huyu dada mimi ni nani.

"Mimi namfahamu," alisema mdogo wangu. "Ni kaka yangu."

Dada akavuta fomu nyingine, akaandika juu yake neno shahidi, akamuuliza anaitwa nani. Mdogo wangu akalitaja jina lake polepole, herufi kwa herufi, na dada akaliandika kama alivyolisikia.